Mjukuu Wangu Aliyeitwa Mbwa

Tangu nirudi, kila mtu wa Kiamunyi ananiuliza swali moja, kama nilikula nyoka. Mwenye duka la unga ameniuliza. Akina mama wa kanisa wameniuliza, tena ndani ya kanisa, mhubiri akiwa bado amesimama. Nimechoka. Sikula nyoka. Nilikula wali asubuhi, wali mchana na wali jioni, pamoja na supu ya majani ambayo kwangu ningewapa sungura, na wala sikwenda huko kula. Nilikwenda Hanoi kumshika mtoto wa binti yangu. Nilikaa siku kumi na nne. Siku kumi katika hizo nilinyimwa huyo mtoto, nikiwa chini ya paa moja naye, nikimsikia akilia juu ya kichwa changu. Hilo hakuna anayeliuliza. Kwa hivyo naliandika mara moja, kwa mkono huu ulioacha shule darasa la nne, na atakayekuja tena na habari ya nyoka nitampa karatasi asome.

Binti yangu ni mwalimu. Nilimsomesha kwa moshi. Miaka kumi na minane niliuza chakula Salgaa, chapati na maharagwe na matumbo, nikiwapakulia madereva wa malori waliokula wamesimama, wakilalamika chumvi haitoshi. Alimaliza chuo, akaleta karatasi zake zote nyumbani, tukaziweka chini ya godoro zisikunjike. Zikakaa hapo. Serikali haikumwandika mwaka wa kwanza, wala wa pili, wala wa nne. Alifundisha shule ya mtu binafsi huko Rhonda, ambako mshahara ulikuja kama mvua ya Baringo, ukija, watu wanatoka nje kuutazama. Mwishowe akaenda kufundisha watoto wa watu wengine Kiingereza, nchi ambayo mimi niliijua kwa redio tu, zamani, wakati wa vita vyao.

Watu husema huko wametuibia watoto. Hakuna aliyemwiba. Sisi ndio tulimfukuza. Nenda shule yoyote ya hapa karibu uone watoto walivyobanana kwenye dawati kama viazi kwenye gunia, mwalimu mmoja mbele, halafu uniambie kwa nini mwalimu mwingine alikaa kwangu miaka minne akinisaidia kuchambua maharagwe.

Huko akaolewa. Mume ni mwenyeji, mtu wa kompyuta, mtoto wa pekee wa mama mjane. Walikuja Nakuru mara moja kunisalimia. Kijana ana adabu, siwezi kumsingizia. Aliniinamia mlangoni akasema "shikamoo," neno alilofundishwa na simu. Sasa huku kwetu bara, nani aliwahi kuniambia shikamoo? Nilitafuta jibu lake kichwani nikalikosa, nikamwambia "asante." Akafurahi sana.

Mtoto alipozaliwa, msichana, binti yangu alinipigia akasema, mama, njoo, tumekulipia ndege. Sikuuliza mara mbili. Mwanamke akijifungua, mama yake huenda. Nilifunga unga wa wimbi wa uji, leso mbili za kumbebea mtoto, na kilo nne za njahi, yale maharagwe meusi ambayo mwanamke wetu hulishwa baada ya kuzaa mpaka maziwa yaje yenyewe. Njahi sikuinunua ikiwa imechambuliwa. Niliichambua mwenyewe, punje kwa punje.

Njahi haikupita uwanja wa ndege. Askari wao alifungua sanduku langu, akaichota kwa mkono wenye glavu, akaiangalia kana kwamba ni risasi. Alisema maneno yake, nami nikasema yangu. Nilimwambia hizo ni za maziwa, nikamwonyesha kifua changu ili aelewe. Akawa mwekundu, akaimwaga yote kwenye pipa. Unga wa wimbi akauacha, sijui kwa nini. Labda aliogopa ningemwonyesha kitu kingine.

Nilitoka nje nikiwa na hasira, na huo mji ukanipokea kwa hasira yake. Joto la Hanoi si jua. Jua hata sikuliona. Ni mvuke, kama mtu amefunua sufuria ya githeri usoni mwako akakataa kuifunika. Sisi tumezoea baridi ya asubuhi, sweta na moto. Kabla hatujafika kwenye gari nguo ilikuwa imenishika mgongoni. Halafu pikipiki. Sisi tuna bodaboda, najua pikipiki ni nini. Lakini huko zilikuwa nyingi kama siafu waliomwagiwa maji, na kila moja imebeba nyumba, huyu friji, yule kioo cha mlango, mwingine mke na watoto watatu na mbwa amesimama mbele kama kondakta. Honi hazinyamazi. Hawapigi honi kwa kukasirika, binti yangu alinieleza baadaye, wanapiga kusema tu "niko hapa." Nikamwambia basi mimi pia niko hapa, na masikio yangu yako hapa.

Gari lilitushusha upande mmoja wa barabara na nyumba ilikuwa upande wa pili. Hapo ndipo niliaibika mara ya kwanza. Nimevuka lami ya Salgaa miaka kumi na minane nikiwa na sufuria mkononi, na lori lililokatika breki huko halikuombi samahani. Kwa hivyo najua kuvuka. Unangoja barabara iwe tupu, unainua sketi, unakimbia. Nikangoja. Barabara haikuwa tupu. Nikangoja tena. Mkwe wangu akanionyesha kwa mikono, tembea polepole, usisimame, usikimbie, watakuzunguka wenyewe. Nilimwona mwendawazimu. Nikaona kamwanya, nikainua sketi, nikakimbia.

Kumbe wao wamezoea mtu atembee. Kila mmoja alikuwa ameshapima atakaponipitia, nami sikuwa pale waliponipima. Mwanamke mmoja aliyebeba maua marundo mawili alipinda, akayumba, akaanguka ubavu, maua yakatapakaa lami nzima. Nikasimama pale katikati nikingoja kutukanwa. Kwetu ningetukanwa mimi, mama yangu na kijiji. Yule mwanamke aliinuka, akajipangusa goti, akaniangalia kutoka kitambaa cha kichwa mpaka viatu, akacheka. Mkwe wangu akawa anaokota maua ameinama inama. Nilichukia kile kicheko kuliko matusi. Mtu akikutukana umekosana naye, mnajua mlipo. Akikucheka umekuwa mtoto.

Na huko mtu mweusi mzee ni sinema. Walinipiga picha nikivuka, nikinunua maji, nikipenga kamasi. Bibi mmoja sokoni alinishika mkono akausugua kwa kidole gumba aone kama rangi inatoka. Nikaushika wake, nikausugua kwa nguvu zaidi, nikakiangalia kidole changu. Akashtuka, halafu akaniuzia embe bila kunipandishia bei. Lakini naruka mambo. Turudi kwenye ile nyumba, siku ya kwanza.

Nyumba yenyewe upana wake ni wa kile kibanda changu cha Salgaa, lakini imekwenda juu, chumba juu ya chumba, mara nne. Mama wa mkwe wangu alitupokea mlangoni. Ni mwanamke mdogo, hanifiki begani, nywele amezibana, uso haucheki. Nikasema kimoyomoyo, huyu ni kama mimi, na sikusema kwa kumsifu. Alinionyesha nivue viatu. Nikavua. Alinionyesha ninawe mikono. Nikanawa. Alinionyesha ninawe tena. Nikanawa, lakini nilimwangalia.

Binti yangu alikuwa chumba cha tatu. Nilimkuta amelala kwenye lile joto amevaa soksi, kofia ya sufu na pamba masikioni, hajaguswa na maji kichwani tangu ajifungue, maana kwao mzazi huhifadhiwa mwezi mzima hivyo, kama yai. Akaniona akaanza kulia. Nikamwambia aache, maziwa yatachacha. Kisha nikamchukua mtoto.

Kwetu mtoto hupokewa kwa mikono miwili na kwa mdomo. Nilimpima kwanza, nikamwinua juu, nikamshusha. Nikasema kwa sauti, sikuficha, "Huyu ni mzito! Huyu ni mnono! Mtazame alivyo mrembo, mtazame mashavu haya!" Halafu nikambariki kama mama yangu alivyowabariki wangu, nikamtemea mate kidogo kwenye paji la uso. Si mate ya dharau. Ni tone tu, kama umande. Mzee akikutemea hivyo amekupa alicho nacho.

Yule mama alipiga ukelele ambao sijausikia tangu siku kuku walipoingiliwa na kicheche. Alinipokonya mtoto mikononi. Mimi, kupokonywa mtoto! Akampangusa uso kwa kitambaa, akipayuka neno moja tena na tena, "kun, kun, kun." Mwanawe akawa anapanda na kushuka ngazi hajui aende kwa nani. Binti yangu amejifunika macho. Kisha yule mama akaleta karatasi, akaiwasha, akaizungusha sakafuni pale pale nilipokuwa nimesimama, moshi ukanipanda miguuni. Nimefukuza inzi maisha yangu yote kwenye nyama. Najua mtu anayefukuza kitu anavyofanya. Pale aliyefukuzwa ni mimi.

Mtoto alilia usiku kucha. Asubuhi binti yangu akateremka ngazi polepole na soksi zake, akaniambia bila kuniangalia kwamba ingefaa nisimshike mtoto kwa muda kidogo. Nikauliza muda gani. Akasema mpaka atimize mwezi. Nikahesabu. Mtoto angetimiza mwezi siku mbili baada ya ndege yangu kuondoka.

Kwa hivyo hilo ndilo nililoitiwa. Nimevuka bahari, nimemwagiwa njahi, nimechekwa barabarani, nifike nikae chumba cha chini kama mzigo unaongoja mwenyewe. Nikisema nipike, jikoni pana mwenyewe. Nilikoroga uji wa wimbi siku ya tatu, yule mama akaunusa, akaufunika kwa sahani akausukuma mwisho wa meza. Alimpikia binti yangu miguu ya nguruwe na papai bichi. Kwa ajili ya maziwa, ati. Nilimwambia binti yangu na njahi je? Akasema, mama, njahi iko kwenye pipa. Alisema kwa upole lakini nilimwona anazuia kicheko. Uji aliunywa, lakini. Nilikuta jagi limekaushwa.

Mchana nilitoa kile kigoda chao cha plastiki, kifupi mpaka magoti yanakuja masikioni, nikakaa mlangoni kutazama siafu wangu wa pikipiki wakipita. Na toka juu nilikuwa nikisikia, kila mtoto akilia, sauti ya yule mama ikisema "kun," kila akimwogesha "kun," kila akimlaza "kun." Nikajua hilo ndilo jina walilompa. Nikajizoeza kulitamka. Nilisema, hata kama simshiki, nitakwenda nyumbani nikijua kumwita.

Siku ya tano nikamuuliza binti yangu jina hilo lina maana gani.

"Ni la nyumbani tu, mama. La kuchezea."

"Hata la kuchezea lina maana."

Akajifanya anarekebisha soksi. Huyo nilimzaa mimi, najua akijifanya hivyo anaficha kitu. Nikangoja.

"Ni mbwa," akasema. "Mbwa mdogo. Katoto ka mbwa."

Wasomaji wangu mnajua hilo neno kwetu ni nini. Nimeona wanaume wakitoana damu Salgaa kwa sababu mmoja amemwambia mwenzake hilo neno, tena bila kutaja mtoto. Na huyu ni mtoto, wa siku ishirini, damu ya mama yangu, aitwe mbwa asubuhi na jioni katika nyumba ambayo mimi nakataliwa kumshika! Nilisema mengi pale. Siwezi kuyaandika yote maana mchungaji pia atasoma. Nilimuuliza kama alisoma miaka kumi na sita ili azae mbwa. Nilimuuliza mumewe alikuwa wapi mama yake akisema hivyo, nikajibiwa alikuwa hapo hapo na yeye humwita hivyo hivyo. Binti yangu akasema, mama, si vile unavyofikiri. Nikamwambia mimi sifikiri, mimi nasikia, na nikateremka nisije nikapiga mzazi.

Siku tano zikapita hivyo, mimi na yule mama tukipishana kwenye ngazi nyembamba bila salamu, kila mmoja amejibana ukutani asiguswe na mwenzake. Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapo aliyehitaji kupona ni mgeni. Hasira ilinilaza na hasira iliniamsha. Na kilichoniuma zaidi, nitasema ukweli, si mbwa. Ni kwamba nilikuwa nikisikia kale katoto kakinyamaza mara tu yule mama akikachukua.

Siku ya kumi nikapanda juu. Yule mama alikuwa chini jikoni na mtoto. Nikatoa sanduku la binti yangu kabatini nikalifungua kitandani.

"Funga nguo zako na za mtoto," nikamwambia. "Tunarudi nyumbani sote watatu. Mtoto wangu hataitwa mbwa nikisikia."

"Mama, keti."

"Siketi."

"Haya, simama. Mjomba wangu wa Njoro, jina lake lina maana gani?"

"Usiniletee ndugu yangu hapa."

"Nakuuliza tu. Si ni lugha ya nyumbani? Mtu akilitafsiri kwa Kiswahili, anaitwa nani?"

Nikaanza kukunja nguo za mtoto.

"Anaitwa Fisi, mama. Mzee wa kanisa. Kila Jumapili anapanda mbele na tai yake, mnasimama wote kumpokea Fisi. Sijasikia ukimfungia nguo."

Ningempiga kofi. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli, mkono uliinuka. Lakini ulibaki juu hapo, maana nilikuwa nimemwona mama yangu. Nilikuwa wa kwanza kwao, wawili walionifuata walikufa wakinyonya. Wa nne alipozaliwa, mama hakuacha mtu yeyote amsifu. Alimlaza kwenye nyasi kando ya njia, na jirani, aliyekuwa amesimama hapo akingoja, akajifanya amemwokota. Akasema kwa sauti, "Nani ametupa takataka hii? Hii ni ya fisi." Na jina likawa hilo. Kifo kikija kutafuta mtoto wa mama yangu kingekuta takataka ya fisi, kingepita. Na kilipita. Yuko Njoro mpaka leo, ana wajukuu na ugonjwa wa sukari. Nimemwita hilo jina miaka sitini, na hata siku moja sijasikia fisi ndani yake. Nimesikia ndugu yangu tu.

"Na huyu mama," binti yangu akasema, sasa kwa sauti ya chini, "alizika watoto wawili kabla ya kumzaa mume wangu. Hakuna mtu wa kumsifia mtoto mbele yake. Anaogopa wasioonekana wanaosikiliza. Wewe ulikuja ukamtangaza kama mnada."

"Na yeye, mumeo, alimwita nani?"

Hapo akashindwa, akacheka mpaka kofia ikamtoka. "Mavi," akasema. "Mpaka alipoanza shule. Usimwambie nimekuambia."

Yule kijana wa shikamoo na viatu vya kung'aa! Sikucheka. Nilikuwa nimekasirika zaidi ya mwanzo, maana sasa sikuwa na mtu wa kukasirikia ila mimi mwenyewe, na huyo amenizoea. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia siku ya kwanza, kabla sijaharibu siku kumi. Akasema alidhani najua. "Si wewe ulinikataza kuhesabu watoto wa mtu, ati wasife? Ukanichapa kwa hilo? Nikadhani hayo ni mambo yako." Nikamwambia mzazi aliyelala na pamba masikioni hawezi kujua mama yake anajua nini. Ndivyo tulivyomaliza, hakuna aliyeomba msamaha. Kwetu hatuombani. Nilifunga sanduku nikalirudisha kabatini, nikamwambia avae kofia yake twende chini, nahitaji mdomo wake.

Yule mama alikuwa ameketi kwenye kigoda, mtoto mapajani, anamsugua miguu kwa kitu chenye harufu ya tangawizi. Alipotuona akamvuta mtoto kifuani. Nikasimama mbali, pale mlangoni, mikono nyuma ili aione haiji.

"Mwambie huyu mtoto ni mbaya," nikasema.

"Mama, una uhakika?"

"Tafsiri."

Akatafsiri. Yule mama akaacha kusugua. Aliniangalia usoni mara ya kwanza tangu ile siku ya moshi. Akasema kitu kifupi.

"Anauliza, mbaya kiasi gani?"

"Mwambie ni mbaya kama kiazi kilichosahauliwa shambani, panya akakionja akakitema."

Binti yangu alihangaika na hicho kiazi, sijui alikifanya kitu gani kwa lugha yao, lakini kilifika. Yule mama alifikiri, akamtazama mtoto, akatikisa kichwa.

"Anasema panya hata asingekionja."

"Mwambie masikio ni ya popo."

"Anasema ameyaona masikio, na miguu ni ya chura."

"Mwambie sijaona mtoto mwenye sura ya hovyo hivi tangu nizaliwe, na nimezaliwa siku nyingi."

Hapo yule mama akasema jambo refu, na binti yangu akasita.

"Sema."

"Anasema ni kweli, na hiyo pua imetoka kwenu."

Hiyo ya pua sikujua na mpaka leo sijui kama alikuwa anamlinda mtoto au alikuwa ananiambia ukweli wake uliomkaa moyoni. Nikamwangalia. Akaniangalia. Uso wake haucheki, nimeshasema, na wangu pia haucheki. Kisha akasogea kwenye kigoda chake, akavuta kingine kwa mguu, akakipigapiga. Nikakaa, magoti masikioni. Akaniwekea mtoto mikononi.

Alikuwa mzito zaidi ya siku ile. Alikuwa na mashavu ambayo kwetu ungemwita mtu barabarani aje ayaone. Alinifungulia macho, na macho yalikuwa ya mama yangu kabisa, na maneno yote mazuri ninayoyajua yakanijaa mdomoni nikayameza, moja moja, kama dawa chungu. Nikasema, "Kun." Nikasema tena, "Kun wewe." Nilimwita mjukuu wangu mbwa kwa sauti, mchana, mbele ya mashahidi, na sikuona aibu.

Siku nne zilizobaki tulimlea wawili. Usifikiri tulikuwa marafiki. Alinirudisha kunawa kila mara. Nilipomfunga mtoto mgongoni kwa leso alinifuata nyumba nzima, ngazi kwa ngazi, mikono imekingwa chini ya matako ya mtoto kana kwamba angemdaka, mpaka siku ya pili alipolijaribu lile fundo kwa kuvuta, akavuta tena, akaniachia. Uji wa wimbi akauonja kwa ncha ya kijiko, akatia sukari nyingi kupita kiasi, akampa binti yangu mwenyewe kana kwamba ameuvumbua yeye. Nami niliila ile miguu ya nguruwe. Ina maziwa, siwezi kukataa, ingawa njahi ina zaidi.

Bado nina hasira. Watu hudhani mkielewana hasira huisha. Nani atanirudishia siku kumi? Na nani ataniambia kwa nini mjukuu wangu wa kwanza wa kike niende kumtafuta mbali hivyo, nijifunze kumtukana kwa mkalimani, wakati mama yake angekuwa anafundisha hapa, na mimi ningekuwa namfikia kwa miguu? Hiyo hasira haimhusu yule mama. Ina wenyewe, na wako hapa hapa, na wakija kuomba kura nitawangoja kwenye lango.

Asubuhi ya kuondoka gari lilikuja mapema. Nilikuwa nimevaa, nimesuka nywele, sanduku liko mlangoni. Binti yangu alishuka na soksi zake, mumewe akaniambia shikamoo yake. Nikasema nipeni mtoto nimshike mara ya mwisho. Yule mama akasimama kwenye ngazi ya kwanza, kidole mdomoni. Mtoto amelala. Nikamwambia binti yangu amweleze ni dakika moja tu. Akamweleza. Yule mama akatikisa kichwa, akaulaza mkono shavuni kunionyesha, amelala. Dereva akapiga honi.

Nilifungua mdomo nibishane. Nilikuwa na maneno, na nilikuwa na haki. Lakini nimelea saba, na katika hao wote sikuwahi kumruhusu mtu amwamshe mtoto wangu aliyelala, hata baba yake akirudi safari, hata mchungaji. Nikavaa viatu. Nikamwangalia yule mama pale ngazini, amejikaza kama askari, nikaona nikiwa mimi ningefanya vile vile, na hilo ndilo lililoniudhi njia nzima mpaka uwanja wa ndege.